Mkono wa Msimamizi

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Sikukuu ya Nyerere. Duka nimefungua nusu siku tu — wakulima hawajui sikukuu, wanajua mbolea. Upepo wa Makambako leo umeamka na wazimu wake, vumbi mpaka juu ya magunia ya urea.

Nimerudi nyumbani Kitandililo nikitaka kulala. Ng'o! Nimemkuta Kristina amekaa kwenye ngazi ya jikoni kwangu. Mtoto mgongoni, kandambili miguuni, kibegi cha nguo za mtoto. Nguo yake mwenyewe hata moja hakubeba.

Kristina sikumzaa. Ni mwanangu wa ndoa. Mimi na Baba Jasmine ndio tuliomsimamia yeye na Rabson kanisani, mwaka juzi. Kwetu usharikani msimamizi si wa kupiga picha na kulishwa keki. Wakikorofishana, kwetu ndiko wanakoanzia, kabla ya wazazi, kabla ya mchungaji. Na siku ya harusi msimamizi wa kike ndiye anayemshika bibi harusi mkono na kumvusha kizingiti cha nyumba ya mumewe. Nilimvusha mimi. Kiganja chake kilikuwa na jasho, nikamtania — unaogopa nini mwanangu, huyu si simba.

Leo amenyanyuka ngazini, tukaingia jikoni. Akachukua kisu, akaanza kunisaidia kumenya viazi. Tumemenya sufuria nzima. Mwisho akasema bila kuniangalia: Mama, ananichukua tu. Nikisema nimechoka, ananichukua. Nikilia, ananichukua. Nikamuuliza tangu lini. Akasema Rabson alianza yeye akiwa bado mzazi, mtoto wao Elina hajafikisha hata siku arobaini.

Bado mzazi! Mwili haujafunga! Bibi zetu hawakujua kusoma wala kuandika, lakini walijua mzazi haguswi. Jana usiku amemwambia hapana kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na majibu yake ni hizo alama za vidole kwenye mkono. Nimeziona. Nyekundu na zambarau.

Nimeweka viazi jikoni vikaungua. Nina hasira mpaka meno yanauma.


Jumanne, 15 Oktoba

Amelala mchana kutwa, mtoto pembeni. Nimempa chumba cha Jasmine, si yuko chuo Iringa.

Jana kabla ya kulala aliniuliza kama chumba hicho kina komeo. Hakina. Chenye komeo ni chumba chetu, Baba Jasmine alilifunga mwaka ule wa wezi. Sikumbuki kama nimewahi kulitumia. Nikamvutia gunia la mahindi, akaliegemeza mlangoni kwa ndani. Akasema asante kama nimempa shamba.


Jumatano, 16 Oktoba

Baba Jasmine amempigia Rabson bila kuniuliza. Eti na mwanamume asikilizwe. Haya, asikilizwe!

Amekuja saa kumi, shati limepigwa pasi, kreti ya soda na dumu la mafuta ya alizeti. Shikamoo baba, shikamoo mama. Akakaa pembeni ya kochi, magoti pamoja, mwanakwaya kabisa. Na kweli ni mwanakwaya, anaimba besi. Hanywi ulanzi, hanywi bia, baa za stendi hazimjui. Anauza mbao. Wanunuzi wanamtukana kutwa wakishusha bei, yeye anacheka tu, bosi wangu, bosi wangu. Niliwahi kumwona mtu wa Dar anamwita mwizi mbele za watu. Alimletea kiti na maji ya kunywa!

Kwa hiyo wasinijie na hadithi ya hasira zilimzidi. Hasira zake zina breki. Anajua pa kuzifungulia — kwa mtu mmoja, mlango umefungwa, na mtu huyo hana pa kwenda. Mtu aliyeshindwa kujizuia angeshindwa na sokoni.

Akalia. Machozi kabisa! Baba, mke wangu ananinyima, na mimi ni binadamu. Baba Jasmine akampigapiga begani, pole kijana wangu, pole. Kristina yuko jikoni anasikia, mkono umevimba, na pole zote zinaishia sebuleni.

Nikamuuliza: Rabson, akisema hataki, unafanyaje? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza Kichina. Akasema, Mama, ni mke wangu.

Nikangoja aendelee. Alikuwa amemaliza.

Nikasema atakaa hapa. Baba Jasmine akakohoa, akasema tutaongea. Nikasema hakuna cha kuongea, atakaa hapa. Mbele ya mgeni! Amenuna tangu hapo. Kreti ya soda nimeifunga mwenyewe kwenye pikipiki ya Rabson. Mafuta sijui yako wapi — nadhani Baba Jasmine ameyaficha uvunguni.


Ijumaa, 18 Oktoba

Nimefunga duka, nimempeleka Kristina polisi, dawati la jinsia. Afande Conjesta. Mnene, mpole, sweta juu ya magwanda. Alimpa mtoto kalamu achezee.

Akamuuliza Kristina: dada, wewe unataka nini? Kristina akaniangalia mimi. Afande akasema, usimwangalie mama, nimekuuliza wewe. Akakunjua khanga ya mtoto, akaikunja tena. Nikajua hajawahi kuulizwa. Halafu akasema, nataka kulala. Kulala tu, mpaka asubuhi, mtu asiniguse.

Nilitoka nje. Nikasimama kwenye ukuta wa kituo nikamlilia mtoto wa watu.

Niliporudi Afande akatueleza sheria, na hapo ndipo nilipovimba upya. Ni hivi. Mke aliyetengana na mumewe, mume akimwingilia bila ridhaa yake, ni ubakaji, na jela yake si mchezo. Lakini mke anayekaa naye kama mke na mume — sheria ya ubakaji haimhesabu. Kumpiga ipo, kumjeruhi ipo, na Afande ameviandika na kumpeleka akapimwe. Lile lenyewe halina jina.

Nikamwambia, yaani sheria inafika mlangoni, inavua viatu, inarudi kwao? Akasema, Mama, mimi sikuitunga. Ninachokuambia ni kimoja. Ijulikane wazi kwamba wametengana. Asirudi hata kwa siku moja ya kujaribu. Mkimrudisha kwa heshima, mbele ya kanisa zima, hakuna mtu atakayekubali tena kwamba wametengana, na mimi mikono yangu itakuwa imefungwa.

Amenipa namba yake. Akasema Rabson akitokea na mimi niko dukani, Kristina asifungue mlango, ampigie. Jirani wajue. Boda anayeaminika ajulikane mapema. Vitu vidogo, akasema, lakini ndivyo vinavyozuia.

Njiani Kristina akasema, Mama, huyu afande ameolewa? Nikasema sijui. Akasema, natamani mumewe awe mtu mwema.


Jumapili, 20 Oktoba

Mzee Efraimu, mzee wa kanisa letu, amenidaka nje baada ya ibada. Mama Jasmine, nasikia mmefika mpaka polisi. Mambo ya chumbani, mama! Funika kombe mwanaharamu apite.

Nikamwambia, Mzee, mwanaharamu yumo ndani ya kombe.

Hakucheka. Amesema kikao cha suluhu ni Jumamosi, ofisini kwa Mchungaji. Jumapili ya tarehe 27 baada ya ibada Kristina anarudishwa kwake. Noah ya kukodi imepatikana, akina mama wa kwaya wataimba njiani. Na wewe, mama, utamshika mkono umvushe kizingiti kama siku ile ya harusi. Ndiyo desturi. Bila mkono wa msimamizi suluhu haikamiliki, wewe unajua.

Khaa! Kikao Jumamosi na gari limeshakodiwa! Sasa tunakaa kujadili nini, rangi ya gari?

Baba Jasmine alikuwa amesimama pale pale, anaitikia kwa kichwa, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Alijua tangu juzi.


Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimemfukuza mteja. Sijutii.

Alikuja kununua mbegu, na mwenzake. Wanangoja nipime, wanapiga soga. Mwenzake anasema yule mke wa Rabson wa mbao amekimbilia kwa msimamizi wake, eti mume anamtaka sana. Huyu akacheka, akasema kuna wake wanalia mume hawatazami, huyu analilia kupendwa!

Nikafunga mfuko. Nikamwambia, baba, mbegu imekwisha. Akasema si hiyo hapo? Nikasema hiyo ni ya watu wenye adabu. Akadhani natania. Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia miguuni pake mpaka akajikuta barabarani. Malori yanapita, yeye amesimama na kofia mkononi, anasema huyu mama kapatwa na nini.

Jioni Baba Jasmine ameshasikia. Anasema utatufilisi. Nikasema tufilisike. Kristina alikuwa anatupakulia chakula mezani — nikamwona anauma mdomo asicheke. Mara ya kwanza.


Jumatano, 23 Oktoba

Jasmine kapiga simu. Anaongea habari za mchumba wake, anataka aje kwa Krismasi kujitambulisha. Nikamuuliza, mwanangu, huyo kijana akiambiwa hapana hufanyaje? Akacheka, Mama bwana! Halafu ghafla eti ana kipindi. Akasema nitakupigia.

Hajapiga.


Alhamisi, 24 Oktoba

Mama Kristina amefika kutoka Bulongwa. Mabasi mawili, vumbi mpaka kwenye kope, na mfuko wa njegere kichwani. Mwanamke mdogo wa mwili. Ametumwa na mumewe. Baba mtu amesema binti arudi, aibu imeshafika mpaka huko.

Aliingia amejikaza. Akamkalisha Kristina, akaanza: sisi wote tulivumilia, mwanangu. Ndoa ni kuvumilia. Mimi mwenyewe, baba yako ulimjua alivyokuwa. Kristina ameinamisha kichwa, ndiyo mama, ndiyo mama. Anajikunja tu. Nikaona anapungua mbele ya macho yangu, kile kicheko cha juzi kimeshakwenda.

Nikashindwa. Nikasema, mwenzangu, samahani nakukata. Hajakuambia Rabson ameanza lini. Ameanza binti akiwa mzazi.

Akageuka polepole. Akasema, mzazi? Kabla ya arobaini?

Kristina akasema ndiyo.

Mama Kristina akasukuma mfuko wa njegere pembeni. Halafu akaanza kusema Kikinga, haraka, chini chini. Mimi Mbena, nilishika maneno mawili matatu tu, lakini hayakuhitaji mkalimani. Akavua kilemba akakitupa chini. Elina alipozaliwa ni yeye aliyekuja kumwogesha, wiki tatu! Alilala chumba cha pili! Anasema, nilikuwa nasikia binti analia, nikadhani ni maziwa yamejaa. Niliporudi Bulongwa nikamwachia mbwa binti yangu.

Kumbe Rabson alianza mama huyu bado yumo ndani. Mama mkwe chumba cha pili. Huyo ndiye wa hasira zilimzidi.

Baadaye tumekaa nje tunamenya njegere. Akasema, mwenzangu, mimi nimetumwa na siwezi kurudi na neno la kukataa, mume wangu atanifukuza na mimi. Sina sauti. Lakini hapa kwenu nasikia bila mkono wako hawezi kuvushwa. Ni kweli? Nikasema ni kweli.

Akaendelea kumenya. Akasema, basi shikilia.


Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika mchana huu huu kabla sijapasuka.

Kikao. Mchungaji, Mzee Efraimu na wazee wengine, Rabson na suti, sisi wasimamizi, Kristina na mama yake. Tukaomba. Mzee Efraimu akafungua kwa kusema ugomvi mdogo wa vijana. Nikaanza kuhesabu vigae vya dari ili nisiseme.

Rabson alipewa nafasi kwanza. Alisema vizuri, sauti nzuri anayo. Anampenda mkewe. Anafanya kazi. Hanywi. Halafu akafungua Maandiko palepale pa mwili wa mke kuwa si wake. Alikuwa ameweka alama! Nikamwambia, soma na nusu ya pili, mwanangu, ile ya mwili wa mume. Akaangalia chini. Mchungaji akasema tuendelee.

Ikaja zamu ya Kristina. Hawakumuuliza nini kilitokea. Hata mmoja! Mzee Efraimu akauliza, binti, unamsamehe mwenzio? Kristina akasema, nimemsamehe. Wazee wakapumua, amina, amina. Akasema, lakini sirudi.

Mzee Efraimu akasema, binti, aliyesamehe anarudi. Kristina akasema — na sauti yake ilitetemeka lakini ilifika — Mzee, nimemsamehe, simdai kitu. Ila nikirudi ataniumiza tena, na nyie mtakuwa mmelala kwenu.

Basi wakamwangukia wote. Shetani anapenda kuvunja nyumba. Mtoto atalelewa na nani. Ukimya wa mke ndio nguvu yake. Mwingine, namheshimu kwa umri, anasema wanaume wana maumbile yao. Maumbile! Rabson ana maumbile hayo hayo pale sokoni na hajawahi kumkamata mteja mkono!

Nikasimama. Nikasema, mimi ndiye niliyemvusha. Naomba niseme alichovushiwa. Nikasema alianza akiwa mzazi. Nikasema alama za mkono. Nikasema, mtu anayemwingilia mtu anayekataa na kulia, kitendo hicho kina jina, anambaka.

Mchungaji, nadhani alitaka kuwa mpole, akasema, Mama, neno hilo hatulitumii kwa watu wa ndoa. Nikamuuliza, tunatumia neno gani, Mchungaji? Nipe neno nilitumie. Akashusha macho kwenye meza, na namwambia ukweli Mungu wangu, nilimwona ameona haya. Lakini kuona haya si kusimama. Mzee Efraimu akachukua kikao.

Uamuzi ukabaki ule ule wa gari. Kesho baada ya ibada. Wasimamizi watamrudisha. Rabson ataahidi mbele ya watu. Mama Jasmine atamshika mkono. Baba Jasmine akajibu kabla yangu: atamshika, wazee, msiwe na wasiwasi, nitaongea naye nyumbani. Akanishika kiwiko tukatoka. Si kwa nguvu. Lakini alinishika kiwiko, na mimi nikaenda.

Nyumbani: umenitia aibu. Miaka yangu yote kanisani. Nikamwacha amalize. Nikamuuliza, Baba Jasmine, wewe umewahi kuniuliza? Akasema, kukuuliza nini? Nikasema, kama nataka.

Hakuelewa. Naapa hakuelewa! Alinitazama kama siku ile Rabson alivyonitazama. Akasema, sasa mimi na wewe tumeingiaje hapa, mimi nimewahi kukupiga? Hajawahi. Ni mtu mwema, mume wangu. Wala sijawahi kumwambia hapana, kwa hiyo sijui angefanyaje. Mtu umezeeka naye, umezaa naye, na hujui. Hilo limeniuma kuliko kikao chote, na nina hasira nalo, na sijui nimkasirikie nani.

Nimempigia Afande Conjesta. Yuko Njombe kwa mama yake mgonjwa. Amesema kesho atapanda gari la mapema iwezekanavyo. Akasema, Mama, hawawezi kumbeba kwa nguvu, wakimbeba hilo ni kosa. Watatumia aibu. Je, unaiweza aibu? Nikasema, aibu gani tena imebaki.

Jasmine bado hajapiga.


Jumapili, 27 Oktoba

Sijaenda kanisani. Daftari liko nami, naandika yanapotokea.

Asubuhi Baba Jasmine alivaa suti ile ile aliyosimamia harusi. Akaniwekea kitenge cha sare kitandani, kimepigwa pasi. Alikipiga yeye! Akasema, nakuomba, leo tu. Nikasema sivai. Akaondoka bila chai.

Jasmine amepiga saa nne. Amesema, Mama, nilimjaribu. Nimemwambia hapana. Nikamuuliza ikawaje. Akasema amenuna siku mbili, halafu amekuja ananiuliza nimekukosea nini, nikamwambia hujanikosea, nilikuwa sitaki tu. Ndiyo bado tunaongea. Nikamwambia muendelee kuongea, na Krismasi nitamuuliza mwenyewe. Akasema, najua, Mama, ndiyo anachoogopa.

Saa sita na nusu nikasikia vigelegele. Noah. Nyuma pikipiki za kwaya. Wanaimba! Wanaimba wimbo wa harusi, wanakuja kumchukua mtu aliyesema siji. Majirani wametoka wamesimama kwenye uzio.

Nikamchukua Kristina na mtoto nikaingia nao chumbani kwetu, nikasukuma komeo. Limepata kutu. Ilinibidi kulipiga kwa soli ya kiatu ndipo likaingia.

Mama Kristina hakuingia. Nilimwita akasema, mimi nina kazi. Nachungulia dirishani namwona. Amekaa chini kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, katikati kabisa, amenyoosha miguu yote miwili, sinia la njegere mapajani. Anamenya. Na mbele yake Rabson na suti yake, na maua! Hawezi kupita. Mkwe harukwi miguu, hata mwendawazimu anajua. Akisogea kushoto, na mama anasogeza miguu kushoto. Amesema, shikamoo mama. Mama Kristina hakuitikia. Hakuinua hata macho.

Ati huyu ndiye asiye na sauti.

Mzee Efraimu anaita: Mama Jasmine! Watu wanangoja! Tunaomba mkono wako tu, mama, dakika moja! Akina mama wa kwaya wameacha kuimba. Mmoja wao, Margareth wa sauti ya kwanza, amevua kitambaa cha kichwani, amekwenda kukaa kwenye jiwe karibu na Mama Kristina. Amechota njegere kiganjani, anamenya. Nimemfahamu miaka yote, sikujua kama na yeye ana lake.

Afande ametuma ujumbe: gari lao limepita Kidugala, wanakuja. Mungu wangu, dereva akanyage mafuta.

Kristina amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Ameniuliza, Mama, wakivunja? Nikamwambia hawavunji. Sijui kwa nini nimesema hivyo, sina uhakika wowote.

Nasikia mlango wa jikoni. Ni Baba Jasmine, amezunguka kwa nyuma, yeye si mkwe wa mtu hapa. Viatu vyake vya kanisani kwenye korido. Kitasa kimezunguka. Komeo limeshika.

Mama Jasmine, fungua.

Nimeegemea mlango. Akasema fungua, watu wote wanatazama. Akazungusha kitasa tena, kwa nguvu kidogo. Elina akashtuka, Kristina akamziba kwa titi. Akasema, hiki ni chumba changu! Ni kweli, ni chumba chake. Mlango alitengeneza mwenyewe, mbao laini, bega moja tu linautoa, na yeye anajua kuliko mtu yeyote.

Nilidhani ameondoka.

Halafu sauti ya chini. Akaniita jina langu. Hajaniita hivyo tangu Jasmine azaliwe. Akasema: Rebeka. Naomba kuingia. Naweza?

Nimemwangalia Kristina. Machozi yanamtoka, anatikisa kichwa, hapana, hapana.

Nimesema, hapana, Elius.

Nimelisema kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwambia mteja kuwa urea imekwisha. Hajaondoka. Yuko pale, unene wa ubao mmoja kutoka kwangu, nasikia anavyopumua, na kitasa kimezunguka nusu na hakirudi, mkono wake bado —